Corolla inatoa "ta-ta-ta" tu, haiwaki

Pole ndugu yangu wa Ujiji. Umesema Corolla 110 yako inatoa "ta-ta-ta" asubuhi, taa za dashibodi zinafifia, na fundi ameshakuambia ununue stata (mota inayozungusha injini iwake). Subiri kwanza. Stata iliyokufa mara nyingi hugonga "ta" moja ikanyamaza. Mfululizo huo ni umeme mdogo.

Fungua boneti utazame vichwa vya betri. Yangu hapa Tabora ilikuwa na unga wa kijani mzito kama ukoko wa ugali, nami nilikuwa nimeshakopa hela ya betri mpya! Zima gari, chukua spana namba 10, toa waya wa hasi kwanza. Mwagia maji ya moto, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kausha, kaza. Hasi irudi mwisho. Fuata pia waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi ya gari, kutu hujificha huko.

Bado? Pima betri kwa mita ya volti. Betri nzima iliyotulia husoma kama volti 12.6, chini ya 12 haina chaji. Gari likiwaka, pima betri injini ikiunguruma: isipofika 13.5 hivi, kasoro ni alternata (kifaa kinachochaji betri), na hiyo mpelekee fundi umeme, siyo wa injini.

Sigara weka mbali, betri hutoa gesi inayolipuka. Ukisikia harufu ya petroli, usijaribu tena ufunguo. Na kama ni otomatiki, vijana wa kusukuma watachoka bure.