Kugeuza kikomo cha jumla ya Riemann kuwa integrali: anza na upana

Ndugu muuliza swali, umetaka kujua inakuwaje jumla ya n/(n² + k²), k ikianzia 1 hadi n, iendee π/4 ilhali kila kijumla chake kinaendea sifuri n inapokua bila mwisho. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hukwama papo hapo. Vijumla vinapungua, ni kweli, lakini idadi yake nayo inaongezeka, kwa hiyo hairuhusiwi kuchukua kikomo cha kimoja kimoja kisha kujumlisha masifuri.

Mimi huwashauri wasihangaike kutafuta funksheni mwanzoni, bali waanze na upana wa mstatili. Jumla ya Riemann ni jumla ya maeneo ya mistatili myembamba inayokadiria eneo chini ya mchoro wa funksheni, na integrali ndiyo eneo lenyewe, ambalo jumla huliendea mistatili inapozidi kuwa myembamba. Gawanya kiasi na asili kwa n², nawe utapata (1/n) · 1/(1 + (k/n)²). Hiyo 1/n iliyotoka nje ndiyo upana. Kilichobaki kina k/n peke yake, nayo ndiyo x. Kwa k = 1 tunapata 1/n, inayoendea 0; kwa k = n tunapata 1. Kwa kuwa 1/(1 + x²) haikatiki popote kati ya 0 na 1, kikomo ni integrali yake katika mipaka hiyo, yaani arctan 1 (pembe ambayo tanjenti yake ni 1), ambayo ni π/4, takriban 0.785. Asiyeamini ajaribu n = 4: 4/17 + 4/20 + 4/25 + 4/32 ni kama 0.720, pungufu kidogo kwa sababu funksheni inashuka na kimo cha kila mstatili tumekipima kwenye ukingo wa kulia.

Mipaka ndiyo huwaponza wengi zaidi. Katika jumla ya (3/n)(2 + 3k/n)², ukiita x = 2 + 3k/n, unaintegreti x² kutoka 2 hadi 5; ukiita x = 3k/n, unaintegreti (2 + x)² kutoka 0 hadi 3. Zote mbili zinatoa 39. Anayechanganya, akaandika x² kutoka 0 hadi 3, anapata 9, na jibu hilo watunga mitihani hupenda kuliweka miongoni mwa machaguo.

Ila si kila jumla inakubali njia hii. Badilisha k² iwe k, upate n/(n² + k): ukitoa 1/n, ndani inabaki k/n², ambayo haienei kutoka 0 hadi 1 bali inasinyaa yote kuelekea sifuri. Hapo ibane tu jumla kati ya n²/(n² + n) na n²/(n² + 1). Zote zinaendea 1, nayo vilevile.