Karatasi iliyoliwa na mbuzi, aya ya rajm na swali la kuhifadhiwa Qur'ani

SWALI: Assalaam alaykum, Ustadh. Katika mhadhara wa dini karibu na kwetu Tanga, mhubiri alinyanyua Sunan Ibn Majah akasoma hadithi ya Bi Aisha: kwamba aya ya rajm, yaani kumpiga mawe mzinifu mpaka kufa, na ile ya kumnyonyesha mtu mzima mara kumi zilikuwa kwenye karatasi chini ya kitanda chake, na Mtume (s.a.w.) alipofariki, watu wakiwa wameshughulika na msiba, akaingia mnyama wa kufugwa akaila. Akatuuliza: Qur'ani iliyoliwa na mbuzi imehifadhiwa vipi? Na kama aya haimo, hukumu ya kupiga mawe mmeitoa wapi? Ustadh mmoja akajibu kuwa hadithi hiyo ni ya uongo, mwingine akasema Sheikh Albani ameipa daraja la hasan, yaani hadithi nzuri inayokubalika, chini kidogo ya sahihi. Tumebaki tumeduwaa. Tena wapo vijana mtaani wanaosema kwamba hukumu ikishakuwa ya Mungu, hakuna haja ya kungoja serikali.

JIBU: Wa alaykumus salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, na mhubiri wenu aliwashinda kwa sababu aliyafunga kamba moja. Kuhifadhiwa kwa Qur'ani kuna ushahidi wake. Usahihi wa hadithi moja una vipimo vyake. Hukumu ya rajm nayo ina dalili zake. Tuyafungue.

Tuanze na hadithi yenyewe, na naomba tusiikimbie. Kuiita "ya uongo" kwa kuwa inatutia aibu mbele ya watu si elimu. Ipo kwa Ibn Majah, namba 1944, katika mlango wa kunyonyesha mtu mzima, na ipo pia katika Musnad ya Imam Ahmad. Hadithi hupimwa kwa isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwa hiyo tuitazame isnadi.

Njia zake zinapita kwa mtu mmoja, Muhammad bin Ishaq, mwandishi mashuhuri wa sira, aliyefariki karibu na mwaka 767. Ibn Ishaq si muongo kwa wanazuoni wengi wa hadithi. Ni mkweli, ila alijulikana kwa tadlisi, yaani kumruka aliyemsimulia na kutaja jina la juu yake. Katika njia ya Musnad anasema wazi kwamba amesimuliwa na Abdullah bin Abi Bakr, naye kutoka kwa Amra, naye kutoka kwa Bi Aisha, hivyo tadlisi hapo haimshiki. Nadhani ndiyo maana waliomkubalia walimpa hasan. Tatizo liko kwingine.

Sasa fungua Sahih Muslim, kitabu cha kunyonyesha, namba 1452. Utamkuta Imam Malik akipokea kwa huyo huyo Abdullah bin Abi Bakr, kutoka kwa huyo huyo Amra, kutoka kwa Bi Aisha. Anasema kuwa yaliteremka manyonyo kumi yanayojulikana, ndiyo yanayoleta undugu wa kunyonya, kisha yakafutwa kwa matano, na Mtume akafariki hali yakiwa katika yanayosomwa. Basi. Hamna kitanda, hamna karatasi, hamna mnyama. Yahya bin Said al-Ansari, mpokezi mwingine mzito wa Madina, naye ameipokea kwa Amra bila mnyama. Wawili hawa ni milima katika elimu hii, na Ibn Ishaq hafiki daraja yao. Imam Ahmad mwenyewe alimpokea katika habari za vita na sira, lakini katika halali na haramu alitaka walio imara zaidi. Mpokezi wa namna hiyo akijitenga na ziada ambayo wenzake, kwa mwalimu yule yule, hawaijui, ziada hiyo huachwa. Ndiyo sababu Sheikh Shu'ayb al-Arna'ut, mhakiki wa Musnad, aliidhoofisha. Mimi niko upande wake, na Sheikh Albani, pamoja na heshima yangu yote kwake, naona alimpa Ibn Ishaq kikubwa kuliko kinachostahili mahali hapa.

Lakini tuseme umemkuta mtu ameshikilia kuwa ni sahihi. Ibn Hazm wa Andalusia (alifariki 1064) aliikubali, na haikumtikisa. Kabla yake Ibn Qutayba, katika karne ya tatu ya Hijria, aliulizwa swali hili hili la mbuzi na akalijibu. Kwa hiyo mhubiri wenu hakuvumbua kitu. Kiini cha jibu ni kwamba Qur'ani haikuwa imewekwa katika nakala moja chini ya kitanda cha mtu. Ilikuwa vifuani mwa masahaba, inasomwa katika sala kila siku, na vipande vilivyoandikwa vilikuwa kwa watu mbalimbali. Zayd bin Thabit alipokabidhiwa kazi ya kuikusanya, katika ukhalifa wa Abubakar (632–634), aliikusanya kutoka kwenye makuti, mawe na vifua vya watu.

Na Abubakar ni nani? Ni baba yake Bi Aisha. Mama huyu anayakumbuka maneno ya manyonyo kumi kiasi cha kuyasimulia. Kama aliamini ni aya iliyopotea, alikuwa na baba yake khalifa, na kazi ya kukusanya inafanyika mjini mwake. Aliishi mpaka mwaka 678, akaushuhudia msahafu wa Othman ukipelekwa mikoani. Hakuwahi kudai iongezwe. Wala hakuwa mtu wa kunyamaza: Muslim amepokea kwamba alipoandikiwa msahafu na Abu Yunus alimwagiza amjulishe akifika aya ya sala ya katikati, akamsomea aandike nyongeza ya "na sala ya alasiri", akisema ameisikia kwa Mtume. Wanazuoni wameieleza nyongeza hiyo kuwa ni kisomo kisichofikia kiwango cha msahafu, au ni tafsiri. Ninachokuonyesha ni kwamba alipokuwa na la kusema kuhusu maandishi ya Qur'ani, alilisema.

Uzito wa kweli, ndugu yangu, hauko kwa mbuzi. Uko kwenye hotuba ya Sayyidna Umar, na hiyo ni sahihi kwa Bukhari na Muslim. Aliporudi kutoka hija yake ya mwisho, mwaka 23 Hijria, alisimama juu ya mimbari Madina akasema kwamba katika aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu ilikuwamo aya ya rajm, wakaisoma, wakaielewa na kuihifadhi, na kwamba anachelea muda ukipita mtu aseme haioni rajm katika Kitabu cha Mungu. Katika Muwatta ya Malik imo na kauli yake kuwa, lau si watu kusema Umar ameongeza katika Kitabu, angeliiandika.

Jibu la jumhuri, yaani wanazuoni walio wengi, ya Ahlu Sunna ni naskh, yaani ufutwaji: kisomo cha aya kimefutwa zama za Mtume mwenyewe, hukumu yake ikabaki. Kuhusu kauli ya "hali yakiwa katika yanayosomwa", Imam Nawawi ameeleza kuwa ufutwaji ulikuja mwishoni kabisa, kwa hiyo baadhi ya watu ambao habari haijawafikia waliendelea kusoma, kisha wakaacha. Wapo waliolikataa fungu hili la naskh kabisa, kama Sheikh Abdullah al-Ghumari wa Morocco, na Ayatullah al-Khoei kwa upande wa Shia, ambaye aliona kuwa kulikubali ni kufungua mlango wa kusema Qur'ani imepunguzwa. Hata hawa wanaopingana wanasoma msahafu mmoja, wenye sura 114. Binafsi naona hotuba ya Umar inatuhakikishia zaidi kuliko inavyotutia shaka. Khalifa anayeogopewa na dola nzima, mwenye yakini na anachosema, anashindwa kuongeza mstari mmoja kwa sababu watu wangemkatalia. Ikiwa Umar hakuweza, ni nani angeweza?

Rajm imetoka wapi, basi? Imetoka katika Sunna. Aya ya pili ya Suratun Nur inataja mijeledi 100. Madhehebu manne, Shafii tunayoifuata wengi pwani ikiwamo, yanasema hiyo ni ya asiyewahi kuingia katika ndoa, na aliyewahi hukumu yake ni rajm, kwa hadithi za Ma'iz na za mwanamke wa kabila la Ghamid, waliokiri zinaa mbele ya Mtume, na nyinginezo. Khawariji, kundi la mwanzo lililojitenga na Waislamu wengine, waliikataa zamani. Katika zama zetu Sheikh Muhammad Abu Zahra wa Misri alitamka kwenye kongamano Libya, mwaka 1972, kwamba anaona ilikuwa sheria ya Mayahudi kisha ikafutwa na Suratun Nur, na kikao kikamjia juu. Tena katika Bukhari yenyewe, sahaba Abdullah bin Abi Awfa aliulizwa kama Mtume alipiga mawe, akasema ndiyo. Akaulizwa: kabla ya Suratun Nur au baada yake? Akasema, sijui. Mimi nafuata jumhuri, lakini siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba swali hilo halikuulizwa.

Sasa hao vijana wa mtaani, na hapa nasema kwa uchungu. Hadi, yaani adhabu iliyowekwa na sharia ya dini, haitekelezwi na mtu binafsi, wala kikundi, wala kamati ya msikiti. Ni kazi ya mtawala na kadhi aliyepewa mamlaka hayo, na wanazuoni wamelisema hili tangu zamani. Makadhi wetu wa Afrika Mashariki hawana mamlaka hayo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inawawekea mipaka ya hadhi binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yao. Zanzibar nako mahakama ya kadhi ni ya mambo ya kifamilia. Anayempiga jirani yake kwa jina la hadi ametenda jinai mbele ya sheria ya nchi, na amedhulumu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Waambie pia kwamba Sa'd bin Ubada alimuuliza Mtume: nikimkuta mwanamume na mke wangu, nimwache mpaka nilete mashahidi wanne? Mtume akamjibu: ndiyo. Imo Sahih Muslim. Na Umar yule yule wa hotuba ya rajm, watu watatu waliposhuhudia kwamba al-Mughira bin Shu'ba amezini, na wa nne akasita kusema ameona tendo lenyewe, waliochapwa mijeledi 80 kila mmoja walikuwa ni wale mashahidi watatu.