Stebilaiza nene kwa gari lililoinuliwa: maswali yenu

Mengi ya maswali yaliyofika safari hii yanafanana. Gari limeinuliwa kwa ajili ya njia mbovu, sasa kwenye lami linalala kila kona, na muuza spea amesema dawa ni stebilaiza nene ya nyuma. Nimechagua haya.

Prado yangu imeinuliwa inchi 2 na juu nabeba hema la wageni. Kwenye kona za Kabale kwenda Kisoro nyuma inalala mpaka abiria wananyamaza. Nibadilishe stebilaiza ya nyuma? (Dereva wa watalii, Mbarara)

Inaweza kukusaidia sana, ndugu dereva, ila kuna mambo ya kutangulia. Stebilaiza ni fimbo ya chuma cha springi inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Gari likilala, ncha moja hupanda na nyingine hushuka, fimbo inasokotwa kama shuka linalokamuliwa, na ukaidi wake ndio unaozuia bodi isiendelee kulala. Ulipoinua gari, kitovu cha uzito wake nacho kilipanda juu, kwa hiyo kona ileile kwa mwendo uleule inalilaza zaidi. Hema la juu ya paa linaongeza balaa: kilo 50 pale juu zinasumbua kuliko kilo 50 hizohizo sakafuni. Shusha chochote kinachoshushika kabla hujatoa pesa.

Sasa unene. Ugumu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ukitoka milimita 19 kwenda 22, tofauti ambayo jicho haliioni kwa urahisi, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 80. Ukitoka 20 kwenda 25, ni karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo anayekusukumia iliyo nene kuliko zote hakutakii mema. Panda hatua moja, uendeshe, ndipo uamue. Uliza pia kama fimbo imejaa au ina uwazi ndani: ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 4 ina takriban asilimia 79 ya ugumu wa iliyojaa, na ni nyepesi zaidi.

Kabla ya yote hayo, lala chini ya gari lako uangalie linki, vile vijiti vifupi vinavyounganisha ncha za stebilaiza na gari. Waliokuinulia gari walibadilisha springi na shokapu. Je, waligusa linki za stebilaiza? Mara nyingi hawagusi. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, mikono ya stebilaiza, yaani ncha zake zilizokunjwa, inatakiwa ikaribie kulala sambamba na ardhi, na linki zisimame wima juu yake. Baada ya kuinua, mikono hubaki imeelekea juu au chini, linki zinavuta kwa pembe mbaya, na kwenye shimo refu stebilaiza inaweza kugeuka upande wa pili ikakwama hapo. Ekseli ya nyuma ya Prado ni ngumu, ya kipande kimoja, hivyo linki inahitaji kurefushwa karibu kimo chote ulichoinua, yaani sentimita 5 hivi. Tikisa kwa mkono bushi, yaani vishikizo vya mpira vinavyoishika fimbo. Kagua shokapu kama zinavuja. Nimeona magari yaliyotulia kwa linki ndefu na bushi mpya tu, na stebilaiza ya kiwandani ikabaki palepale.

Napakia matoke kutoka Kapchorwa hadi Mbale na nyuma inakaa chini. Stebilaiza nene itainyanyua? (Mfanyabiashara, Mbale)

Hapana, mama. Magurudumu yote mawili yakishuka pamoja, stebilaiza haisokotwi, inazunguka tu ndani ya bushi zake. Uzito wa mzigo unabebwa na springi. Tafuta springi zinazolingana na mzigo wako.

Fundi, nina Land Cruiser ya zamani iliyoinuliwa. Stebilaiza ya mbele niliitoa ili magurudumu yafuate mashimo vizuri. Nyuma nimefunga nene. Tangu mvua zianze, mkia unakimbia kwenye muramu hata nikienda taratibu. (Mstaafu wa jeshi, Gulu)

Afande, swali lako ndilo lililonitia wasiwasi kuliko mengine yote, na nakuomba usiendeshe gari hilo kwa kasi mpaka ulirekebishe.

Kwenye kona uzito huhama kutoka gurudumu la ndani kwenda la nje. Mbele na nyuma zinagawana kazi hiyo, na upande wenye stebilaiza ngumu zaidi unabeba sehemu kubwa. Tairi mbili zilizogawana uzito sawa hushika barabara kuliko tairi mbili ambazo moja imelemewa na nyingine imebaki kugusagusa. Wewe umeondoa ugumu wote wa mbele na kuurundika nyuma. Kwenye lami kavu gari linaonekana limetulia, linaingia kona vizuri, unafurahi. Kwenye muramu uliolowa, tairi za nyuma zinaishiwa mshiko kwanza, na mkia unatoka. Kama difu yako ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, haina loki ya kuyafunga yazunguke pamoja, kuna la pili: gurudumu la ndani likishakuwa jepesi linazunguka bure, na gari linakosa nguvu palepale linapopanda mlima.

Rudisha stebilaiza ya mbele. Hilo ni la leo, hata kama utahitaji linki ndefu kwa sababu ya kuinua. Kisha tazama ncha za ile ya nyuma. Kama zina matundu mawili au matatu, hamisha linki kwenye tundu la mwisho, mbali zaidi na bushi: mkono ukiwa mrefu, fimbo inakuwa laini. Linganisha kushoto na kulia, tundu sawa kwa tundu. Bado mkia ukikimbia, rudisha ya kiwandani nyuma. Watengenezaji wa magari hupendelea mbele iishiwe mshiko kabla ya nyuma, kwa sababu dereva wa kawaida akiona gari linapitiliza kona huachia mafuta na linarudi. Mkia ukishatoka, wachache wanaurudisha.

Huku Moroto tunavuka mito ya mchanga na makorongo. Nifungue linki za nyuma nikifika porini? (Msomaji, Moroto)

Kwa mwendo wa polepole, ndiyo, magurudumu yatashuka zaidi na kubaki yanagusa chini. Fungua pande zote mbili, kamwe usifungue moja, na ufunge mikono kwa mkanda imara isiguse mpira wa breki wala ekseli. Ukirudi kwenye barabara ya kukimbia, zirudishe kwanza. Kama unayo Land Cruiser 200 au Prado 150 yenye KDSS, usiguse: mfumo huo hutumia mafuta yenye shinikizo kulegeza stebilaiza wenyewe magurudumu yanapopishana.

Stebilaiza mpya ni ghali. Mafundi wa Katwe wanaweza kuichomelea au kuikunja ya gari jingine? (Fundi kijana, Kampala)

Mafundi wa Katwe nawaheshimu, na mabano ya kushushia bushi watakutengenezea mazuri. Fimbo yenyewe usiipeleke motoni. Ni chuma cha springi kilichopewa ugumu wake kwa kuchemshwa na kupozwa kwa mpango. Ukikichomelea, sehemu ya pembeni ya mshono inakuwa dhaifu, na itakatika siku gari limejaa watu. Afadhali ununue iliyotumika ya gari la aina ileile, isiyo na kutu ya kula ndani wala alama za kuchomelewa.

Wakati wa kufunga, usikaze linki gari likiwa kwenye jeki. Lishushe likae kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo bushi za mpira zitabaki zimesokotwa na zitapasuka mapema. Halafu pandisha upande mmoja wa ekseli kwa jeki mpaka juu kabisa, ushushe, urudie upande wa pili, huku mwenzako akitazama eksozi, tangi na mipira ya breki kama kuna kinachoguswa. Kaza tena nati baada ya siku chache za barabara mbovu.

Nimefunga bushi za plastiki ngumu, sasa nyuma inalia kila tuta. (Msomaji, Jinja)

Zimekauka. Zifungue, osha udongo wote, paka grisi ya silikoni. Kama za mbele bado ni za mpira, usizipake grisi ya kawaida ya petroli, mpira utavimba.