Kinyama si mtoto wa jicho

Shikamoo daktari. Mimi ni mvuvi wa Likoni, umri miaka 41. Jicho la kulia limeota kinyama upande wa pua, sasa kimeingia kwenye weusi. Wenzangu wanasema ni mtoto wa jicho na nitapofuka.

Marahaba. Wenzako wamechanganya. Mtoto wa jicho ni lenzi, iliyo ndani ya jicho, kuingia ukungu. Chako kiko nje. Kaa dirishani na kioo cha mkono uangalie: vishipa vyekundu vimeanzia kwenye pembe ya jicho, vikakusanyika na kupanda juu ya weusi kama bawa. Jina lake la kitabibu, terigiamu, limetokana na neno la Kigiriki la bawa.

Kinacholaumiwa zaidi ni mionzi ya jua, kisha upepo, vumbi na ukavu wa jicho. Hapa Mombasa tuko kama digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na nyinyi wa baharini jua mnalipata mara mbili: linalotoka juu na linalorudishwa na maji. Ndiyo maana kofia peke yake haitoshi. Vaa miwani iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia mionzi hiyo ya jua, na inayobana vizuri hata pembeni. Weusi wa kioo si kinga. Iko miwani myeusi tititi isiyozuia mionzi hiyo ipasavyo.

Kupofuka usikuwaze leo. Piga picha ya jicho kwa simu kila mwezi, mahali pamoja, mwangaza uleule, kisha linganisha. Kikisogea kuelekea mboni, njoo kliniki mapema.

Mimi nina kiuvimbe cha manjano kwenye weupe wa jicho. Hakiumi, lakini picha za harusi zinakaribia! – Binti, Mji wa Kale

Hicho kwa kawaida ni pingwekula, mkusanyiko wa mafuta na protini kwenye utando wa jicho. Hakivuki mpaka kuingia kwenye weusi. Kikiwasha, matone ya machozi ya bandia yanatosha. Ukaguliwe mara moja tu kuhakikisha, kisha endelea na hina yako.

Daktari, naendesha tuktuk, jicho lina kinyama na huwa jekundu. Kemisti aliniuzia matone, wekundu ukaisha siku mbili. Nikiacha, unarudi. Niendelee?

La. Nenda na chupa yenyewe kliniki. Baadhi ya matone yanayofuta wekundu kwa haraka yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Daktari huyatoa kwa siku chache, chini ya uangalizi. Ukijitilia miezi, yanaweza kupandisha presha ya macho na kuleta huyo mtoto wa jicho ambaye mvuvi wa Likoni anamwogopa. Mengine hubana mishipa tu, ukiyaacha wekundu unarudi kwa hasira. Kinyama chenyewe hakitoki kwa matone, hata yauzwe ghali vipi. Na maziwa ya mama na maji ya majani tuyaache kwa bibi zetu, jicho halihitaji vijidudu vya nyongeza.

Nilikatwa kinyama miaka mitatu iliyopita, kimerudi na ni kinene zaidi. Nikatwe tena? – Mzee, Changamwe

Pole, mzee wangu. Kukata tu na kuacha sehemu ile wazi ni njia ya zamani, na kinyama kilichoondolewa hivyo hurudi mara nyingi. Siku hizi mpasuaji hukata kipande cha utando wenye afya chini ya kope la juu, akakipandikiza kwenye pengo, kwa uzi au kwa gundi maalumu. Kurudi hupungua sana, ingawa hakuishi. Jicho hutiwa ganzi, unabaki macho, na jioni uko nyumbani.

Kabla ya kuamua, jiulize kipi kinakusumbua: kuona vitu vimepinda, kinyama kukaribia mboni, au kuwashwa kusikokwisha. Kama ni sura tu, mimi nisingekimbilia kisu mara ya pili. Na mwulize daktari wako hivi: “Utapandikiza au utaacha wazi?” Una haki ya jibu.

Mama yangu kimemwota kitu cheupe jichoni kama kauliflawa na kinakua haraka. Ni hichohicho?

Huenda si hicho. Afrika Mashariki tunaona saratani ya juu ya jicho, inayofanana sana na kinyama mwanzoni, na huwapata zaidi wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kuota haraka, weupe wa magamba, kutoka damu au kuwa upande wa sikio: mpeleke wiki hii. Kikikatwa, uliza kama kimepelekwa maabara, usikubali kitupwe.