Kabla hujatuma filamu fupi kwenye tamasha, jua nyimbo zake ni za nani

Vijana wa hapa Lamu wanaopiga filamu huniuliza ni kamera gani wanayoipenda majaji wa matamasha. Mimi huwauliza kwanza: ule wimbo uliomo ndani ya filamu yako ni wa nani, na karatasi ya ruhusa iko wapi? Fomu za mashindano, iwe ya Zanzibar au ya Ulaya, hukutaka uthibitishe kuwa haki zote unazo. Ukishatia alama pale umeahidi, na mwenye wimbo akijitokeza, atakayeulizwa ni wewe.

Mji wetu una sauti nyingi, na mtihani uko hapo. Mfungo Sita ukiingia, matari ya Maulidi ya Riyadha yanasikika mtaa wa Langoni kote, na mwenye kinasa sauti hawezi kujizuia. Rekodi, sikukatazi. Lakini usidhani kuwa linalosikika njiani halina mwenyewe. Wengine huchukua kanda za taarabu za kale wakisema mtunzi ameshafariki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, tungo la muziki hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Aliyefariki 1990, tungo zake zina wenyewe hadi mwisho wa 2040. Tena rekodi ina haki yake mbali na wimbo, kwa hiyo huenda ukahitaji ruhusa mbili.

Nilipokuwa natengeneza filamu ya mafundi wa majahazi wa Matondoni, nilitaka zumari. Nilimwendea mzee mmoja nyumbani kwake, nikamwamkia, tukanywa kahawa, kisha nikamtolea karatasi niliyoiandika kwa Kiswahili: jina la filamu, wimbo gani, utatumika wapi, kwa muda gani, na malipo yake. Akavaa miwani akaisoma yote, mstari kwa mstari. "Mwanangu, matamasha sawa, na televisheni sawa. Lakini zumari langu lisije likauzia watu sabuni." Nikaongeza kwa kalamu kuwa matangazo ya biashara hayamo, tukatia saini sote wawili, mjukuu wake akawa shahidi. Nakala moja nikamwachia. Fanya hivi kabla ya kuhariri; ukishaupenda wimbo ndani ya picha, utasaini bei yoyote.

Ruhusa za watu wanaoonekana na za nyumba ulimopigia zinataka utaratibu huohuo. Leseni ya kupiga filamu nayo iko kisheria, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, ishughulikie mapema.

Mengine ni kusoma kanuni kwa utulivu. Cannes hawapokei filamu fupi inayozidi dakika 15, pamoja na majina ya mwisho. Oscar wanaruhusu hadi 40. Usiiweke YouTube kwa haraka ya kusifiwa, maana yako matamasha yanayotaka kuwa ya kwanza kuionyesha. Watumie kiungo chenye nenosiri, na usilibadilishe hadi majibu yatoke.

Maandishi ya tafsiri yanastahili muda kuliko trela. Wahusika wangu wanasema Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na hata Mswahili wa Nairobi baadhi ya maneno humpita. Mpe mtu asiyeijua hadithi yako aitazame bila sauti, akisoma tu. Pale anaporudisha nyuma kusoma tena, mstari ni mrefu, ufupishe.

Ada ya kutuma filamu mara nyingi hulipwa kwa dola na huzidi kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia, basi wahi. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa hulipia bila shida. Kama huna uwezo, waandikie waandaaji barua pepe ya mistari michache, useme unatoka wapi na filamu inahusu nini, uombe kusamehewa ada. Wapo wanaokubali, hasa ukiwaandikia wakati bado hawajalemewa na maombi.