Swali la pili ndilo linalokuonyesha ulipo

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Mkristo atajuaje kwamba anayoyaamini ni ya mapokeo gani hasa: ya Kilutheri, Kikatoliki, Kipentekoste au mengine?" Wengi watajibu kwa kutaja kanisa wanakosali. Jibu hilo halitoshi. Kadi ya usharika inaonyesha unakotolea sadaka, ila mafundisho uliyonayo kichwani yanaweza kuwa yametoka redioni, kwenye mikutano ya injili ya viwanjani, au kwa bibi aliyekulea. Wengine watakuelekeza kwenye yale majaribio ya mtandaoni ya kubofya "nakubali" au "sikubali" mpaka upewe asilimia zako. Hayana ubaya kama ya kupitisha muda. Kasoro yake ni kwamba mengi huishia kwenye swali la kwanza, na swali la kwanza karibu kila Mkristo hulijibu vilevile.

Chukua Chakula cha Bwana. Ukiuliza kama Kristo yupo kweli pale mezani, Mkatoliki atasema ndiyo, Mlutheri ndiyo, Mwanglikana ndiyo, na Mpresbiteri aliyemsoma vizuri Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, naye atasema ndiyo. Bado hujajua lolote. Sasa uliza la pili: mtu asiyeamini kabisa akijipenyeza kwenye foleni akala na kunywa, amepokea nini? Mlutheri atasema amepokea mwili na damu ya Kristo kwa hukumu yake mwenyewe, kwa kuwa uwepo ule unasimama juu ya neno la Kristo, wala haungoji imani ya mlaji. Mfuasi wa Calvin atasema huyo amekula mkate na kunywa divai basi, kwa kuwa mwili wa Kristo hupokelewa kwa imani, kwa kazi ya Roho Mtakatifu. Ongeza la tatu: ibada imekwisha, mkate uliobaki ni kitu gani? Mkatoliki atautunza kwenye tabenakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, na kupiga goti mbele yake. Mbaptisti atashangaa hata unauliza, maana kwake meza ile ni ukumbusho. Suala hili ndilo lililowashinda Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich, kule Marburg, Ujerumani, mwaka 1529. Katika vifungu 15 walivyojadili walikubaliana 14, na hata cha 15 walikubaliana sehemu kubwa, wakakwama kwenye uwepo wa mwili wa Kristo.

Waanglikana hapa watakuchanganya, na si kosa lako. Kifungu cha 29 kati ya Vifungu 39 vya mwaka 1571, tamko la imani la Waanglikana, kinasema waovu hawaupokei mwili wa Kristo, yaani karatasi ipo upande wa Calvin. Lakini nenda Zanzibar au Masasi, kulikojengwa na wamisionari wa UMCA, shirika la Waanglikana wenye mwelekeo wa Kikatoliki, utakuta uvumba, kengele na heshima kubwa kwa sakramenti iliyotunzwa. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, ndiye aliyewahimiza Waanglikana wenzake huko London mwaka 1923 wazipiganie tabenakulo zao. Nenda Dodoma, eneo la CMS, shirika la Waanglikana wa mwelekeo wa kiinjili, ukute meza isiyo na mapambo mengi na mahubiri marefu. Kanisa ni moja, mapokeo ni mawili. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi Mwanglikana", muulize wa wapi.

Kazi yenyewe inataka karatasi na jioni moja tulivu. Andika vichwa vitano: ubatizo, Chakula cha Bwana, wokovu, Roho Mtakatifu, siku za mwisho. Chini ya kila kimoja andika sentensi mbili tatu za maneno yako kabla hujafungua kitabu chochote. Ukianza kwa kusoma ungamo la imani, yaani tamko rasmi la mafundisho ya kanisa, utaandika lilivyosema lile ungamo na jaribio limekwisha hapo. Kisha weka chini ya kila jibu jambo moja unalolikataa. Kulikataa jambo ni kugumu kuliko kukubali, na ndiko kunakofichua.

Kwenye ubatizo usijiulize kama unakubali watoto wabatizwe. Jiulize: aliyebatizwa akiwa mchanga akija leo anataka kuzamishwa kwenye maji mengi, umbatize? Ukisema ndiyo, kwako ule wa kwanza haukuwa ubatizo, na uko pamoja na Wabaptisti, Wapentekoste walio wengi, AIC (Africa Inland Church), Wamennonite na Wasabato. Ukisema hapana, endelea: maji yale yanafanya nini? Mlutheri na Mkatoliki watasema Mungu humzaa mtu upya humo. Mpresbiteri atasema ni ishara na muhuri wa agano, na neema yake haifungwi na dakika ile ya maji. Hapa wengi waliolelewa KKKT hugundua kwamba wanabatiza watoto kama Walutheri huku wakiueleza ubatizo kama Wabaptisti.

Wokovu ndio unaokula muda, uupe nafasi. Anza na swali la mtaani: "Umeokoka lini?" Mpentekoste ana tarehe. Mlutheri wa kawaida atataja ubatizo wake au msalaba. Ila angalia: vuguvugu la Uamsho lililotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kagera na Kenya liliwafundisha Waanglikana na Walutheri nao kusema "nimeokoka" na kutaja siku. Mlokole wa Kianglikana ana tarehe, na bado anapeleka mtoto wake kubatizwa. Kwa hiyo tarehe peke yake haiamui. Chimba zaidi: uliamini, ndipo Mungu akakuhuisha, au alikuhuisha, ndipo ukaweza kuamini? Jibu la pili ni la Calvin na pia la Luther. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile ya darasa la kipaimara, inafundisha kwamba mtu hawezi kumwamini Kristo kwa akili wala nguvu zake. Anayesema neema ya Mungu inamtangulia kila mtu na kumwezesha kuitika au kukataa, yuko na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na Wamethodisti.

Halafu: aliyeokoka kweli anaweza kupotea? Sinodi ya Dort ya 1618 hadi 1619, mkutano wa makanisa ya Kikalvini huko Uholanzi, ilisema wateule hawapotei kabisa. Mlutheri anasema anaweza, Mmethodisti anasema anaweza, Mkatoliki anasema dhambi ya mauti humtenga mtu na neema, na kitubio humrudisha. Kosa ninaloliona sana hapa ni mtu kushika "ukiokoka umeokoka milele" mkono huu, na mkono wa pili kushika kwamba uamuzi wote ni wa hiari yake. Wapo Wabaptisti wengi wanaoamini hivyo, basi usijiite Mkalvini kwa nusu hiyo moja.

Kuhusu Roho swali ni fupi: asiyenena kwa lugha, amebatizwa kwa Roho Mtakatifu? Ukisema bado, wewe ni Mpentekoste wa asili. Ukisema lugha ni karama mojawapo, hata kama unanena kila asubuhi, unaweza kuwa Mkarismatiki ndani ya Ukatoliki au Ulutheri bila mgongano. Mkesha, mapambio na maombi ya kufunguliwa havikuambii kitu, siku hizi viko kila mahali. Injili ya mafanikio nayo imeingia kwenye madhehebu mengi, usiifanye kipimo.

Siku za mwisho ndipo watu hushtuka. Kanisa kunyakuliwa kimya kimya kabla ya dhiki kuu, fundisho ambalo wengi hudhani ni la Wakristo wote tangu mitume, lilienezwa na mhubiri John Nelson Darby katika karne ya 19, na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909 ikalisambaza. Kifungu cha 17 cha Ungamo la Augsburg la 1530, ungamo la Walutheri, kinakataa utawala wa watakatifu duniani kabla ya ufufuo. Mlutheri anayeungoja unyakuo wa namna hiyo ameazima kwa jirani. Si dhambi, ila ajue ameazima.

Baada ya hapo ndipo ufungue maungamo, na usisome yote. Ungamo la Augsburg: vifungu vya 4, 9 na 10. Vifungu 39: cha 6, 17 na kuanzia 27 hadi 29. Ungamo la Westminster, la Wapresbiteri: sura ya 10, 17, 28 na 29. Katekisimu ya Kanisa Katoliki: aya ya 1257 hadi 1261 juu ya ubatizo, na 1374 juu ya Ekaristi. Linganisha na karatasi yako. Usihesabu alama, kwa kuwa maswali hayana uzito sawa. Jibu moja kuhusu siku ya Sabato au hali ya wafu linaweza kukuweka kwa Waadventista Wasabato hata kama mengine yote umejibu kama Mmethodisti. Na kabla ya yote hayo hakikisha Utatu. Ukisema Baba, Mwana na Roho ni majina matatu ya nafsi moja, umetoka nje ya Imani ya Nikea, na wapo Wapentekoste wa Jina la Yesu wanaofundisha hivyo hapa kwetu.

Karatasi ikikuonyesha uko kwingine, usihame wiki hiyohiyo. Nenda kwa mchungaji au padre wa huko na cheti chako cha ubatizo, umwulize mambo mawili: ubatizo wangu mtaupokea, na kipaimara changu je? Katoliki hawambatizi tena Mlutheri aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ila kipaimara atapewa. Kwa makanisa ya maji mengi, tegemea kuingia majini.