Mama anaogopa deni, kaka anataka kadi tatu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Dayton, Ohio, pamoja na mama, kaka yangu wa miaka 27 na wadogo wawili. Sisi ni Wakongo, lakini mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaja Marekani mwaka 2017. Usiku nafanya kazi ghalani, mchana nasoma koleji. Mwezi uliopita niliomba chumba cha kupanga karibu na shule. Kodi ya kuanzia ninayo, amana ninayo, lakini wamenikataa. Barua yao inasema sina historia ya mkopo. Kaka anasema nichukue kadi za mkopo tatu kwa mpigo, moja aitumie yeye kwa kuwa jina lake limeshaharibika, na kila mwezi niache deni kidogo bila kulipa ili benki "wanione". Mama hataki hata kusikia. Alilipa deni la tiketi za ndege zilizotuleta huku zaidi ya miaka mitatu, na siku aliyomaliza alipiga magoti akashukuru, akasema nyumba hii haitakopa tena. Nikigusia tu ananijibu, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Nimsikilize nani?*

*Binti wa Nyarugusu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa barua hiyo. Najua inavyouma mtu kufanya kazi usiku kucha, akaweka akiba, akaenda na pesa mkononi halafu akaambiwa hajulikani.

Jibu nitakupa kwanza, maelezo yafuate. Chukua kadi. Iwe moja, ya kiwango kidogo, ikae mkononi mwako peke yako, na deni lake ulimalize lote kila mwezi. Mama ana sababu ya kuogopa deni. Kaka naye hakukosea aliposema kadi hujenga jina. Ila njia aliyokuonyesha ndiyo iliyomfikisha alipo.

Ujiji nilikokulia, mwenye duka la mtaani kwetu alikuwa na daftari la madeni chini ya kaunta. Mama yangu akinituma sukari bila pesa, yule mzee hakuuliza mengi. Alifungua ukurasa wetu, akaona mwezi jana tulilipa na mwezi wa nyuma yake tulilipa, akapima sukari. Jirani aliyehamia wiki ile, hata awe na mshahara mnene kuliko baba yangu, hakupimiwa kitu mpaka atoe pesa. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na ukurasa. Nyarugusu nako nasikia ndivyo ilivyokuwa kwa wauza unga, watu wakikopa kusubiri siku ya mgao.

Marekani madaftari hayo yanashikwa na kampuni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Benki huwapelekea habari zako kila mwezi, na kutokana na habari hizo zinapigwa hesabu za alama. Alama zinazotumika sana huitwa FICO, huanzia 300 na kuishia 850. Sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 35, ni kama unalipa kwa wakati. Asilimia 30 ni unadaiwa kiasi gani, na hasa umetumia sehemu gani ya kile ulichoruhusiwa kukopa. Asilimia 15 ni umri wa akaunti zako, na ndiyo maana kuanza mapema kuna faida ambayo mtu wa miaka 40 hawezi kuinunua. Wewe kwa sasa huna ukurasa kabisa. Mshahara wako hauandikwi humo, kadi yako ya kutolea pesa ATM haiandikwi, wala kadi ya kulipia kabla. Unaweza kufanya kazi kwa uaminifu miaka 10 na daftari likabaki jeupe.

Sasa shika hili vizuri, maana hapa ndipo vijana wetu wengi wanapodanganyana. Tuseme umepewa kadi yenye kikomo cha dola 300. Weka juu yake kitu kimoja ambacho ungekilipia hata kama kadi isingekuwepo: bili ya simu, dola 30. Tarehe 5 benki inafunga hesabu ya mwezi na kukuletea taarifa. Kisheria lazima ikupe angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Kwenye taarifa utaona namba mbili. Moja ni salio lote, dola 30. Ya pili ni kima cha chini cha kulipa mwezi huo, huenda dola 25, nayo imeandikwa mahali pa kuonekana. Lipa 30. Ukilipa yote kabla ya tarehe, riba yake ni sifuri. Madaftari yataandika kwamba uliruhusiwa 300, ukatumia 30, ukalipa kwa wakati. Mwezi ujao fanya hivyohivyo. Kama unaogopa kusahau kwa sababu ya zamu za usiku, iambie benki ijikatie yenyewe kutoka akaunti yako, lakini hakikisha umechagua salio lote na si kima cha chini.

Ndiyo maana yale ya kaka, kwamba uache deni kidogo ili wakuone, si kweli hata chembe. Wanakuona taarifa inapofungwa, deni likiwa bado halijalipwa. Ukiacha dola 10 zilale mpaka mwezi mwingine, unachoongeza ni riba tu, na riba ya kadi nyingi siku hizi inapita asilimia 20 kwa mwaka. Alama haziongezeki hata moja kwa kulipa riba.

Na kadi tatu kwa mpigo? Kila ombi linaandikwa, na kumbukumbu ya ombi hubaki daftarini miaka 2. Mtu asiye na ukurasa akiomba kwa benki tatu wiki moja anaonekana mwenye njaa. Isitoshe, ukiwa huna historia benki nyingi zitakukatalia kadi ya kawaida. Omba kadi ya dhamana. Unaweka dola 200 au 300 zako mwenyewe benki, nao wanakupa kadi ya kikomo hichohicho, na ukiwa umelipa vizuri dhamana unarudishiwa. Anzia kwenye kredi yunioni, vile vyama vya kuweka na kukopa vinavyofanana na saccos zetu, maana mara nyingi huwa na ada ndogo na watu wa kukaa nawe mezani wakueleze. Kabla hujasaini uliza: mnapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu? Kuna ada ya mwaka? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, aga uondoke. Kwa kuwa hujafika miaka 21, sheria ya mwaka 2009 inataka uonyeshe kipato chako mwenyewe au uwe na mdhamini. Karatasi zako za mshahara wa ghalani ndizo kipato. Huhitaji mtu wa kukusainia.

Sheria hiyo ilikuja nikiwa nimeshaumia. Nilifika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na siku za mwanzo chuoni kulikuwa na meza nje ya bwalo, watu wa benki wanagawa fulana kwa kila mwanafunzi anayejaza fomu ya kadi. Nilijaza. Hakuna aliyeniuliza nina kazi gani. Fulana niliivaa, kadi nikaiweka ndani ya Biblia, nikakaa nayo miezi bila kuigusa. Halafu usiku mmoja simu ikalia kutoka Ujiji: mama amefariki. Nauli ya kwenda sikuwa nayo, lakini sanda, chakula cha waombolezaji na usafiri wa ndugu kutoka Kasulu nilisema vitatoka kwangu, mimi ndiye niliyekuwa Ulaya, kama wanavyosema nyumbani. Nikaenda kwenye mashine ya pesa na kadi ile, nikatoa dola 1,400 taslimu.

Sikujua kuwa kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo ni kitu kingine kabisa. Kuna ada papo hapo, na riba inaanza siku ileile, hakuna kusubiri taarifa. Yangu ilikuwa asilimia 24. Nikawa napeleka dola 40 kila mwezi, najiona mlipaji mwema. Mwezi wa kwanza karibu dola 29 kati ya hizo 40 zilikuwa riba. Nilimaliza baada ya miaka mitano na ushei, na hesabu nilipoipiga nilikuwa nimewapa karibu dola 2,600. Mama yako anaposema kukopa harusi kulipa matanga, mimi nilikopa matanga yenyewe, na niliendelea kuyalipa hata baada ya kaburi kujengewa. Sijawahi kujuta kumzika mama yangu kwa heshima. Ninachojutia ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Simu za namna ile zitakujia pia, kutoka Nyarugusu, kutoka Uvira, kutoka kwa mtu unayempenda kweli. Tuma kutoka kwenye akiba, hata kama ni dola 50. Usitoe taslimu kwa kadi ya mkopo, na usitumie kadi hiyo kulipia huduma za kutuma pesa, kwa sababu benki nyingi huihesabu kama umetoa taslimu.

Tuje kwa kaka. Sina shaka anakupenda, na sina shaka anapoahidi kulipa anamaanisha. Lakini kadi yenye jina lako deni lake ni lako, awe ametumia nani. Siku akikatwa saa za kazi, benki haitampigia yeye. Malipo yakichelewa siku 30, kunaandikwa doa, na doa hilo hukaa miaka 7. Utalibeba mpaka ufikie umri alio nao yeye leo. Mwambie akiwa peke yake, si mbele ya wadogo, na usimwambie kwa simu. Mwambie: "Kaka, kadi yangu siwezi kumpa mtu, hata wewe. Lakini tukae tuangalie ya kwako imeharibikia wapi." Kisha kaa naye kweli. Ripoti za kampuni zote tatu hupatikana bure kwenye AnnualCreditReport.com, na makosa yaliyomo mtu ana haki ya kuyapinga. Akikasirika, mpe siku. Hasira ya kaka hupoa, doa la miaka 7 halifutiki kwa kuombana radhi.

Na mama. Hili ndilo lililonifanya nichague barua yako kati ya zote za wiki hii. Deni la tiketi za ndege ambalo wakimbizi husaini kwa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, halina riba, na malipo huanza miezi 6 baada ya kufika. Mashirika yanayokusanya malipo hayo hupeleka habari kwenye yale madaftari. Umeelewa maana yake? Kila mwezi mama alipofunga bahasha ile, kuna mtu alikuwa akiandika kwamba mwanamke huyu analipa. Yeye anakumbuka mzigo tu. Hakuna aliyemwonyesha ukurasa.

Usibishane naye kuhusu kadi. Jumapili mkishakula, mwombe namba yake ya Social Security, mfungue ripoti yake pamoja, umsomee kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akaunti iliyolipwa vizuri ikafungwa inaweza kukaa humo hadi miaka 10, kwa hiyo huenda bado ipo. Kisha mweleze ya dola 30 za simu, mwonyeshe siku zenyewe kwenye kalenda ya ukutani. Mtu aliyelipa deni lile mpaka senti ya mwisho huku analea watoto wanne hahitaji kufundishwa nidhamu ya deni. Mwombe awe ndiye anayekuuliza kila tarehe 20, "Umelipa?"

Kuhusu chumba, usikae tu kusubiri. FICO haitoi alama mpaka akaunti iwe na angalau miezi 6, kwa hiyo ukianza sasa, ni muhula ujao ndipo utakapoanza kuonekana. Wakati huohuo tafuta wenye nyumba wadogo, wale wenye nyumba moja au mbili, uende na karatasi za mshahara za miezi mitatu, barua ya msimamizi wako wa kazi, na uulize kama watakubali amana kubwa zaidi kidogo. Wengi wanaokataa kwa kompyuta hukubali wakikuona uso kwa uso.

Ukishafungua ripoti ile na mama, niandikie tena. Nataka kujua alisema nini alipoliona jina lake.

Shangazi yako